Mashine Ikijenga Ukuta, Saidia Fundi Aende Wapi?

Katika Nyanda za Juu Kusini, ujenzi ungali kazi ya mabega. Hapa Mbeya, kama ilivyo kwa ndugu zetu wa Iringa, tofali huchomwa kwa kuni, maji hubebwa kwa ndoo na zege huchanganywa kwa koleo. Sisi tunaoshika daftari la kamati ya msikiti tunawajua wanaobeba mzigo huo kwa majina, kwani wakati wa ujenzi wa madrasa tuliandika kila jioni nani kafanya kazi na kalipwa kiasi gani.

Ndiyo maana habari za jirani zetu Malawi zilitugusa. Mwaka 2021, huko Salima, kampuni ya 14Trees ilisimamisha kuta za shule kwa saa 18. Mashine yake ni bomba linalotembea juu ya fremu ya chuma, likimimina mchanganyiko wa saruji tabaka juu ya tabaka, kwa kufuata ramani iliyomo katika kompyuta. Kampuni hiyo imetumia teknolojia hiyo pia Kilifi, pwani ya Kenya, katika mradi wa nyumba 52 uitwao Mvule Gardens.

Tulipowasimulia waumini baada ya swala ya alasiri, wachangiaji walifurahi. Kijana mmoja aliyetuchotea maji ya msingi akauliza, “Ustadhi, na mimi hapo nasimama wapi?”

Swali lake ni la haki. Fundi atabaki na kazi, kwa kuwa mashine ile hujenga kuta tu. Msingi, paa, milango, madirisha na umeme vyahitaji mikono ya watu, na mashine yenyewe yataka wa kuilisha mchanganyiko na wa kuikagua. Anayepungukiwa ni saidia fundi, ambaye riziki yake ni kupokeza tofali na udongo.

Jambo hilo tulilionja kwa kipimo kidogo siku ya kumwaga jamvi. Tulikodi mashine ya kuchanganya zege, na vibarua wanne kati ya wanane wakakosa la kufanya. Kamati iliamua wabaki kwa ujira uleule, wafundishwe kusuka nondo. Leo wawili kati yao huitwa kwa kazi hiyo wenyewe. Mashine ilichukua koleo zao. Kuwarudisha nyumbani mikono mitupu kungekuwa uamuzi wetu.

Basi kamati zinazojenga na ziandike katika mkataba idadi ya vijana watakaofundishwa kazi. Nanyi wazazi, kijana anayebeba zege leo mpelekeni VETA, Mbeya au Iringa, ajifunze kusoma ramani na kuendesha mitambo. Haki ya kibarua ni amana shingoni mwa anayemwajiri, na amana hiyo haihamii kwa mashine. Allah atujaalie kuitekeleza.