Safari ya Kumtazama Mgonjwa

Karani wa Nairobi aletewapo habari kwamba baba yake yu mahututi Kisumu, huomba ruhusa kazini akapanda basi siku ile ile. Mbele yake pana karibu kilomita 350, na moyo hutangulia miguu.

Kwa njia ya chini, basi huteremka Bonde la Ufa hata Mai Mahiu. Kando ya barabara pana kanisa dogo mno, lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa Kitaliano waliokuwa wakitengeneza njia hiyo. Hao nao walikuwa mbali na wazee wao, wala hawakuwa na ruhusa ya kwenda kuwaona. Abiria mwenye huzuni hulitazama, akaomba kimya.

Kisha Naivasha na Nakuru, baridi ya Mau, na mashamba ya chai ya Kericho, yapendezayo kwa asiye na haraka. Halafu joto huanza, na mashamba ya mpunga ya Ahero huonyesha kwamba Kisumu i karibu. Huko iko hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1969, ambayo wenyeji huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi.

Machungwa na fedha za dawa zina faida, lakini kitandani mzee hutazama kwanza uso wa mwanawe. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata asipopona, wameonana. Angojaye mshahara wa mwisho wa mwezi ndipo aende, huenda akakuta kitanda kitupu.