Kulamawe, Jina la Mawe na Meza ya Maziwa

Msafiri atokaye Isiolo kwenda Garba Tulla au Modogashe hupita nchi kavu yenye miiba mingi, hata afike Kulamawe. Ajuaye Kiswahili husikia jina hilo akacheka, maana ni kana kwamba mgeni ameamriwa ale mawe. Lakini akishuka garini ataona kuwa jina na meza havilingani.

Pwani mgeni hukaribishwa kwa samaki na madafu. Kulamawe iko mbali na bahari, na riziki yake ni mifugo. Katika hoteli ndogo za kando ya barabara chai hupikwa kwa maziwa ya ngamia, ikaletwa pamoja na chapati au anjera, na nyama ya mbuzi. Mwenye bahati hupata nyirinyiri, yaani nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa mpaka ikakauka, kisha ikahifadhiwa katika mafuta. Nyama hiyo hukaa siku nyingi bila kuharibika. Wenyeji wengi ni Waborana, nao ni Waislamu, hivyo kinywaji cha kuburudisha mgeni ni chai na maziwa, wala si pombe. Baba huingia pamoja na mkewe na watoto bila haya yoyote.

Mgeni asidhani kwamba harufu ya moshi katika maziwa ni uzembe wa mpishi. Ni desturi ya Waborana kufukiza vyombo vya maziwa kwa vijinga vya miti maalumu, ili maziwa yasiharibike upesi na yawe na ladha nzuri.

Maziwa mengine hayanywewi hapo. Wanawake huyakusanya, wakayatia katika madumu na kuyapeleka Isiolo kwa gari. Huko wanawake wenzao wa vyama vya ushirika, kama kile cha Anolei, huyapoza na kuyapeleka Nairobi, hasa mtaa wa Eastleigh.

Mali hii haikupatikana kwa urahisi. Katika vita vya shifta, 1963 hadi 1967, Waborana wa Isiolo walipoteza ngamia wengi mno. Tena tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na ng'ombe wengi wa kaskazini wakafa. Ngamia, kwa kuwa hula majani ya miti na huvumilia kiu, huweza kukamwa hata ng'ombe wakiisha kukauka maziwa.

Basi kila dumu liendalo mjini huleta fedha za unga na karo ya shule, lakini pia hupunguza kikombe cha mtoto nyumbani. Mama mwenye busara hutenga fungu la watoto kabla ya kufunga kifuniko. Msafiri naye, asibishanie senti chache za chai, maana wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.