Rangi Isiyoliwa na Petroli

Kwa mnaoniuliza kwa nini siku hizi nanuka tina hata maktaba, jibu ni ndege. Si hizi zinazotua uwanja wa Chake. Hii ina mabawa ya mita 2 ncha kwa ncha na injini ndogo kama ngumi mbili, na ni ya ami yangu aliyerudi nayo kutoka Maskati. Ameahidi kuitoa kwa skuli nitakayokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, kwa sharti moja: "Ipake rangi kwanza, mwanangu. Sitoi kitu kinachonata."

Na kweli ilinata. Injini yake ni ya tu-stroki, inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, kama mashine za boti zetu. Sehemu ya oili haiungui. Inatoka na moshi na kulipaka tumbo la ndege. Mkono ukitikisika wakati wa kujaza, petroli inamwagikia puani. Pale rangi ya zamani ilikuwa imekunjamana kama utandu wa maziwa yaliyochemka. Sura mbaya ningeivumilia. Lakini petroli na oili vikipenya rangi vinafika kwenye ubao, na ubao ulionywa oili haushiki gundi tena. Injini imefungwa kwenye ubao huohuo, na mbele yake inazunguka panga.

Pemba jambo hili lina wenyewe. Wazee walipaka vyombo vyao sifa kwa juu na shahamu iliyochanganywa na chokaa kwa chini, na kwa maji ya chumvi ilitosha. Ila sifa ni mafuta, na petroli inaosha mafuta. Mashine zilipoanza kufungwa kwenye tezi, mafundi ilibidi watafute kitu chengine. Nikaenda Wete kwa fundi mmoja wa boti kumuuliza aninunulie rangi gani. Hakunitajia jina la kopo. Aliuliza tu: "Unataka inayokauka au inayoganda?"

Wenzangu wa kemia, swali hilo ni kipindi kizima. Rangi ya kopo la kupuliza, kwa kawaida, hukauka tu: kiyeyushi kinaruka hewani, chembe zake zinabaki zimelala ubavu kwa ubavu. Ukileta kiyeyushi chengine zinaamka na kuondoka nacho. Rangi ya kuchanganya na hadina ni habari nyingine. Chembe zake zinashikana, unapata wavu mmoja, na petroli haina cha kuyeyusha. Rangi ya mafuta ya milango iko katikati. Inavuta oksijeni na kukomaa polepole, wiki baada ya wiki, na hata hivyo petroli inaweza kuikunja.

Sikutaka kuamini kwa maneno. Nilikata vipande vya bati la debe, nikapaka aina nne, nikaviacha wiki nzima. Kisha pamba yenye petroli juu ya kila kimoja, kifuniko cha soda juu yake isiruke, dakika 10, halafu nikasugua kwa kitambaa cheupe. Ya kopo la kupuliza ilitoka hadi bati likacheka. Ya milango ilivimba. Ya gari, iliyotiwa hadina, na epoksi ya boti hazikuacha hata doa kwenye kitambaa.

Kumbukeni hiyo ni petroli. Ndege nyingine za mfano zinatumia methanoli, mafuta ya kulainishia, mara nyingine ya nyonyo, na nitromethani kidogo. Mchanganyiko huo una ukali wake, kwa hiyo kila mtu ajaribu kwa mafuta atakayotumia.

Zikabaki mbili. Ya gari inang'aa, wallahi, ukiiona utaitaka. Kijana wa gereji moja pale Chake alikuwa tayari kunipulizia bei ya kirafiki, kitambaa kimefungwa puani. Hapo ndipo nilipokataa. Hadina ya rangi nyingi za gari ina aisosayaneti, na mvuke na ukungu wake unaweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Kitambaa hakizuii kitu. Mimi nataka watoto wapake wenyewe, maana ndege iliyoletwa imeshapakwa haifundishi zaidi ya picha ya ukutani. Siwezi kuwaweka watoto 40 kwenye ukungu ule kwa ajili ya mng'ao.

Nimechukua epoksi, ya kupaka kwa brashi. Nayo si maji ya kunywa: ikigusa ngozi mara kwa mara inaleta mwasho usiokwisha, kwa hiyo glavu, na madirisha wazi. Imekula sehemu nzuri ya bumu langu. Pia ni nzito, na jua linaichubua ikawa kama chaki, basi nimeiweka puani, tumboni na ndani ya chumba cha tangi tu, kote kunakofika mafuta. Mabawa yatapata rangi ya milango, mkono mwembamba.

Ami ameitazama akasema imekuwa kama boti ya Kojani. Alama za brashi zinaonekana, sibishi. Kuirusha kunataka kibali cha mamlaka ya anga, kwa hiyo kwa sasa itafungwa mezani na kuwashwa uwanjani, watoto wakiwa nyuma yake. Mkia nimeuacha mtupu. Vipande vyengine vya bati nimeshakata, 40, na wao watachagua rangi ya mkia baada ya kumwaga petroli.