Mashini Inalia Mbele ya Kufa: Safari toka Katana mpaka Ruzizi

Mtu akitoka Bukavu kwenda Goma, anapita uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha anaona migomba na mashamba ya maharagi, na ziwa Kivu upande wa kuume. Hapo ndipo kwetu. Karibu nasi kuna Lwiro, nyumba ya watafiti iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947. Wako na mashini zinazosikiliza udongo. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la kipimo 5.9 lilitutikisa, na kila mutu alilisikia. Lakini mashini za Lwiro zinasikia hata matetemeko madogo ambayo mguu wa mutu hauyasikii.

Siku moja nilishuka Bukavu na kijana wa kanisa letu aliyesoma umeme. Tulikuwa na huzuni. Moteri ya mashini yetu ya kusaga ilikuwa imeungua. Wiki mbili nzima ilikuwa inatetemeka na kunuka, na sisi tulisema tu, "Itajitengeneza." Kumbe! Wamama walirudi nyumbani na mihogo yao juu ya kichwa.

Tulifika pale mto Ruzizi unapotoka ziwani kushuka mpaka Tanganyika. Barazhi ya Ruzizi I inatoa umeme toka mwisho wa miaka ya 1950. Chini yake kuna Ruzizi II, ya mwaka 1989, ambayo Kongo, Rwanda na Burundi wanatumia pamoja. Maji yalibeba chupa za plastiki, viatu na mifuko. Ni takataka za mitaa yetu ya Bukavu, zinazoziba njia ya maji ya mashini.

Kijana akasema, "Pasta, siku hizi mashini kubwa kama hizi wanazipima kwa kompyuta."

Nikamuuliza, "Itajua namna gani, nayo haina masikio?"

"Wanaipa masikio, Pasta. Wanafunga vipimo juu ya mashini: kimoja cha kutetemeka, kingine cha joto, kingine cha nguvu ya maji. Kisha ndani ya kompyuta wanatengeneza mashini ya pili, ya hesabu tu. Hiyo ya hesabu inasema: kwa maji haya na kazi hii, pale mhimili unapokalia joto liwe digrii 60. Kipimo cha kweli kinaonyesha 72. Zile 12 za katikati, njo kilio cha mashini."

Akaendelea kunieleza. Kama takataka zimeziba vyuma vya kuchuja, maji yanapoteza nguvu yakipita pale, na umeme unapunguka hata kama milango imefunguliwa sawasawa. Kama gurudumu limeelemea upande mmoja, mtetemeko unarudi kila mzunguko. Kila ugonjwa uko na alama yake, kama vile muganga anavyotofautisha malaria na tifoidi.

Lakini kusikia peke yake hakutoshi. Kule Urusi, kwenye barazhi ya Sayano-Shushenskaya, mashini nambari 2 ilikuwa inatetemeka kupita kiasi, na waliiacha ifanye kazi. Tarehe 17 Agosti 2009 bulo za kifuniko, zilizokuwa zimechoka, zilikatika. Maji yakajaa nyumba ya mashini. Watu 75 walikufa.

Tukirudi Katana nilifikiri sana. Vijana wangu wa migodi, pompe inayotoa maji ndani ya shimo ikinyamaza, ndugu zenu wako chini. Hamna kompyuta? Muko na daftari. Sisi, wakati tulipopata moteri ingine, tulimupa kijana wa mashini kalamu. Kila asubuhi anaandika saa, mazutu iliyoingia, sauti na joto. Mwezi wa pili aliniita: "Pasta, leo inakula mazutu mingi kuliko jana, na kazi ni ile ile." Tuliisimamisha. Ilikuwa filta imeziba tu. Tuliibadilisha, na wamama walisaga siku ile ile.

Basi, anzeni daftari leo. Na mtoto akitupa chupa mferejini, mwambieni aiokote, sababu itafika Ruzizi.