NENO "HAPANA" MBELE YA TABIBU



Yapo makosa ambayo mtu huyatenda kwa uovu, na yapo mengine huyatenda kwa mapenzi. Yale ya kwanza hujulikana upesi na hukatazwa. Haya ya pili huachwa yakakua, kwa kuwa kila aliyemo nyumbani huyaona kuwa ni wema. Leo nataka kukueleza kosa langu la namna hii ya pili, nililomtendea mzazi wangu mwenyewe, ili nawe ukiwa na mgonjwa usije ukalirudia.

Mama yangu anaishi Tanga. Ana maradhi ya kisukari kwa miaka mingi, na hospitali humpa vidonge vya kumeza asubuhi na jioni. Jirani mmoja alitusifia tabibu wa tiba asili aliyemtibu jamaa yake. Nikaenda peke yangu, bila ya Mama. Tabibu yule hakumwona mgonjwa, wala hakuuliza umri wake, wala dawa anazotumia. Aliuliza jina la maradhi tu, kisha akanipa chupa ya unga isiyo na maandishi yoyote. Akasema: "Kijiko kimoja kutwa mara tatu. Hii ni miti tu, haina madhara." Nikalipa, nikashukuru, nikarudi nyumbani na furaha.

Mama alikunywa unga ule pamoja na vidonge vyake. Siku ya tisa, alfajiri, mama mdogo alikwenda kumwamsha kwa Sala, akamkuta ameloa jasho, mwili unatetemeka, maneno yake hayaeleweki. Tulipomfikisha hospitali alikuwa hajitambui. Daktari akampima damu, akakuta sukari imeshuka mno. Akaniuliza: "Bwana, kuna dawa nyingine yoyote anayotumia zaidi ya hizi zetu?"

Nikajibu: "Hapana."

Kwa nini nilisema hivyo? Sikuwa na nia mbaya. Niliona haya. Niliogopa kukemewa mbele ya watu, kwamba mimi mtu mzima niliyesoma nampa mama yangu unga nisioujua. Basi wakamtundikia maji ya sukari, akafumbua macho, tukamshukuru Mwenyezi Mungu. Mchana, daktari alipoona amepata nafuu, akaiondoa dripu. Magharibi Mama akazimia tena.

Hapo ndipo mama mdogo, ambaye hakusoma kama mimi, alipomwambia daktari: "Mwanangu huyu anaona haya. Dada yangu anakunywa na unga wa miti shamba." Daktari hakunikemea. Alisema tu: "Laiti ungeniambia asubuhi." Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi. Kwani angalijua kwamba mwilini mna kitu kingine kinachoshusha sukari, asingaliiondoa ile dripu mapema. Mama alikaa hospitali siku tatu, akipimwa usiku na mchana, mpaka akatoka katika hatari.

JE, MITI HAINA MADHARA?

Baadhi ya watu hudhani kwamba kila kilichoota ardhini hakidhuru. Hili ni kosa kubwa. Kwinini ilitolewa katika gome la mti, na wataalamu wa Ufaransa ndio walioitenga mwaka 1820. Dawa ya artemisinini, inayotumika leo kutibu malaria, imetoka katika mmea wa Uchina, na Bibi Tu Youyou aliyeongoza kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ikiwa mmea una nguvu ya kuondoa maradhi, vipi usiwe na nguvu ya kudhuru?

Uwatu na karela, ambavyo twavila majumbani mwetu, huweza kushusha sukari. Mtu akivitumia kwa wingi juu ya vidonge vya hospitali, nguvu mbili hukutana katika mwili mmoja. Kitunguu saumu kikitumiwa kwa wingi kama dawa huifanya damu ichelewe kuganda, na mwenye kungoja kupasuliwa hana budi kumweleza daktari wake. Isitoshe, katika nchi mbalimbali zimewahi kugunduliwa dawa zilizouzwa kwa jina la miti, kumbe ndani yake zimechanganywa vidonge vya hospitali vilivyosagwa. Basi chupa isiyo na jina si siri ya ufundi, ni hatari.

DHAMANA YA TABIBU

Sisemi, ndugu msomaji, kwamba tiba asili ni uongo. Hasha! Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa ila yameteremshiwa na dawa yake. Lakini ni yeye pia aliyetufundisha kwamba mwenye kujitia katika utabibu, naye hajulikani kwa elimu hiyo, hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Twalipenda fundisho la kwanza, na la pili twalisahau.

Wazee wetu hawakulisahau. Mwaka 931 mtu mmoja alifariki Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa Al-Muqtadir akaamuru kwamba asitibu mtu yeyote mjini ila aliyepewa mtihani na mkuu wa matabibu, Sinan bin Thabit. Wanahistoria wanaeleza kwamba waliotahiniwa walizidi mia nane. Ikiwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita tabibu aliulizwa, "Ujuzi wako uko wapi?", sisi leo twaona haya gani kuuliza?

Nchini Tanzania ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na kwa sheria hiyo lipo Baraza linalowasajili matabibu hao pamoja na dawa zao. Kadhalika, tangu mwaka 1974 pale Muhimbili, Dar es Salaam, wapo wataalamu wanaozichunguza dawa za miti shamba. Kwa hiyo kumwuliza tabibu cheti chake si kumvunjia heshima. Aliye mkweli atakionyesha kwa furaha.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwanza, mgonjwa aende mwenyewe. Anayetoa dawa kwa mtu asiyemwona anabahatisha.

Pili, chukua dawa zako zote za hospitali katika mfuko, pamoja na kadi yako, umwonyeshe. Asiyetaka kuziona, mwage.

Tatu, uliza dawa anayokupa inaitwaje, imetoka katika mti gani, kipimo chake ni kiasi gani, na dalili zipi zikitokea uiache. Mama mjamzito, mtoto mdogo na mwenye maradhi ya figo au ini wazidi kuuliza.

Nne, uliza: "Baada ya siku ngapi tutajua kwamba haifai?" Dawa isiyo na ukomo humaliza fedha na hupoteza wakati wa kupona.

Tano, usiache dawa za hospitali kwa kuambiwa na mtu asiye daktari wako. Wapo wagonjwa wa kisukari ambao miili yao haitengenezi insulini. Hao wakiacha sindano, huweza kufa katika siku chache. Na mtu akibanwa na kifua, akipooza ghafla, au mtoto akishikwa na degedege, hapo si mahali pa kungoja majani yachemke. Mkimbize hospitali.

Sita, na ndilo kubwa kuliko yote: usimfiche mmoja mambo ya mwingine. Mwambie tabibu yaliyosemwa na daktari, na mwambie daktari uliyopewa na tabibu, hata kama atakununia. Uso wa daktari ulionuna ni wa dakika moja.

Mwaka uliofuata Mama alilalamika magoti. Alimtaka tabibu wa tiba asili, nami sikumkataza. Tulikwenda pamoja kwa mwingine, tukiwa na mfuko wetu wa dawa. Mzee yule alitoa kidonge kimoja kimoja, akakiangalia, akasoma kadi. Kisha akasema: "Bi mkubwa, kisukari chako kiachie hospitali. Mimi sikupi kitu cha kunywa. Nitakupa mafuta ya kukanda magoti, na ukirudi kliniki uwaambie kwamba nimekupa." Nilipomsikia akisema hivyo niliinamisha kichwa, kwani alimfundisha Mama, kwa maneno machache, lile lililonishinda mimi kulitenda siku ile hospitalini.

Mama yu hai, alhamdulillahi. Kila mwezi tukienda kliniki, daktari huuliza lile swali lake, na kabla sijafungua mdomo Mama hunitazama, hucheka, akasema: "Mjibu, mwanangu." Nami humweleza kila kitu, hata chai ya tangawizi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atuondolee haya isiyo na faida. Amin.