Bonde la Mto Wye na Njia Zinazopitwa na Mbwa

Tulipofika Bristol mwezi wa Mei kumzuru shemeji yetu, kaka wa mama watoto, tulikuwa na mwanetu wa miaka tisa ambaye mwaka uliotangulia aliumwa na mbwa mtaani kwetu Tanga. Mbwa yule hakuwa na mwenyewe, na hapakuwa na njia ya kujua kama alikuwa na kichaa. Tulikiosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kama wataalamu wa afya wanavyousia, kisha mtoto akachomwa sindano zake zote. Alhamdulillahi alipona. Kilichobaki ni hofu, na hofu ile haikuwa ya kitoto, kwani Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, walio wengi wakiwa Afrika na Asia, na wengi wao watoto.

Basi shemeji alipotutangazia kuwa Jumamosi tutakwenda kutembea kwa miguu katika bonde la mto Wye, na kwamba njia za huko hupendwa mno na watu wenye mbwa, mama mtoto alituangalia, nasi tukamwangalia. Mtoto hakuambiwa habari ya mbwa. Hilo lilikuwa kosa letu, nasi tunalikiri.

Kutoka Bristol huvukwa daraja refu la Severn, lililofunguliwa mwaka 1966, na mara tu baada ya hapo msafiri yumo Chepstow, mji wa kwanza wa Wales. Kilomita nane hivi kuelekea kaskazini kipo kijiji cha Tintern. Mto hapo ni mpaka: ng'ambo moja ni Wales na ng'ambo ya pili ni England. Mtu wa pwani hushangazwa na jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kwamba mto huu hujaa na kupwa. Maji ya bahari hupanda kutoka mlango wa Severn, ambao ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye tofauti kubwa kabisa baina ya maji kujaa na maji kupwa, yakapita Tintern na kuendelea juu. Tulifika maji yamekupwa, kingo zote ni tope la rangi ya chai ya maziwa. Tuliikumbuka Pangani.

Kandokando ya mto yamesimama magofu ya nyumba ya watawa wa Kikristo iliyoasisiwa mwaka 1131 na kufungwa mwaka 1536, wakati wa mfalme Henry wa Nane. Paa halipo tena. Kuta na madirisha makubwa yamebaki, na mbingu ndiyo dari. Tulipita kwa adabu, kama tunavyopenda wageni wapite kwenye magofu ya msikiti wetu wa Tongoni.

Njia yenyewe huvuka mto kwa daraja la chuma lililojengwa zamani kwa ajili ya reli, kisha hupanda msituni upande wa England. Mwezi wa Mei sakafu ya msitu huo hufunikwa na maua ya buluu, na penye unyevunyevu huota vitunguu saumu mwitu, hata harufu yake humfikia mtu kabla hajaviona. Kwa mwendo wa watoto ni saa moja ya kupanda. Si njia ngumu, ila mawe yake huteleza, na viatu vya wazi havifai. Tunalisema hili kwa sababu mmoja wetu alivaa makubadhi.

Nusu ya kilima hatujafika, mbwa mkubwa mweusi alitoka vichakani, amelowa, akamrukia mwanetu. Hakumuuma. Alimlamba mkono na kumpaka maji suruali yote. Mtoto alipiga ukelele ambao tusingependa kuusikia tena. Mwenye mbwa, mzee wa makamo, alikuja mbio huku akiomba radhi na kusema kuwa mnyama wake anacheza tu. Shemeji alimjibu kwa upole kuwa tumemsamehe, lakini mtoto huyu amewahi kuumwa, na mahali tunakotoka mbwa asiyejulikana huweza kuwa mauti. Yule mzee alinyamaza, akamfunga mbwa kamba, akatangulia.

Hapa inafaa tueleze kanuni ya nchi ile, maana jamaa zetu wengi waishio huko hawaijui na hujinyima matembezi kwa ajili hiyo. Katika njia za umma mbwa halazimiki kufungwa kamba, ila sharti awe chini ya mamlaka ya mwenyewe. Katika maeneo ya wazi yaliyofunguliwa kwa umma kwa sheria ya mwaka 2000, hufungwa kamba isiyozidi mita mbili kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, ili wasisumbuliwe ndege wanaotagia chini. Na karibu na mifugo hufungwa mwaka mzima. Mzazi ana haki kamili ya kumwomba mtu amfunge mbwa wake, na mara nyingi huitikiwa kabla hajamaliza kusema. Kichaa cha mbwa nacho kilitokomezwa kwa mbwa wa nchi hiyo tangu mwaka 1922. Mtoto naye afundishwe: asikimbie, asipige kelele, akunje mikono kifuani, asimame kama mti, asimkodolee macho. Mbwa huchoka na mti upesi.

Tukakaa juu ya gogo. Mtoto alitaka kurudi, nasi tulikuwa tayari kurudi. Mama yake ndiye aliyesema kwamba akirudi leo, hatapanda kilima kingine maishani.

Tulianza na twahara, kwa kuwa adhuhuri ilikuwa imekaribia. Wasomaji wetu wa pwani, walio wengi wakiwa wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, wanajua kuwa mbwa akigusa hali yeye au aliyeguswa ana unyevu, pahala hapo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wote wawili wakiwa wakavu, hakuna cha kuosha. Ndugu zetu Wamaliki wao huhesabu mbwa aliye hai kuwa twahara. Tulichota udongo safi wa njiani, tukauchanganya na maji ya chupa, tukauosha mkono wa mtoto huku yeye mwenyewe akihesabu. Alipofika saba alikuwa ameacha kulia. Suruali ilibadilishwa, mama zetu hubeba nguo ya akiba hata pale baba wanapocheka. Ile iliyolowa tuliifunga katika mfuko, na tulipokuwa tunaifunga tukakumbuka suala la darasani chuoni, kwamba maji ya Nile wakati wa gharika, kwa tope lililomo, humtosheleza mwoshaji asihitaji kuongeza udongo. Tuliwahi kudhani ni suala la vitabuni tu. Sasa chini yetu kulikuwa na mto wenye tope la kutosha kuosha suruali za mji mzima.

Tukaendelea. Juu ya kilima njia huungana na ile ndefu ya kilomita 285 inayofuata boma la udongo linalohusishwa na Offa, mfalme wa Mercia aliyetawala tangu mwaka 757 hadi 796. Jina hilo lilitusimamisha. Katika Makumbusho ya Uingereza mjini London imo sarafu ya dhahabu ya mfalme huyuhuyu, iliyonakiliwa kutoka dinari ya khalifa Al-Mansur wa Baghdad ya mwaka 157 Hijria. Shahada imeandikwa juu yake kwa Kiarabu, na katikati ya maandishi hayo limewekwa jina la Offa, tena juu chini, kwa kuwa fundi hakujua kusoma alichokuwa akikinakili. Hakuwa Mwislamu, alitaka sarafu itakayokubalika sokoni, na dhahabu ya kuaminika zama zile ilikuwa na sura hiyo. Tulimsimulia mtoto, akaligusa boma kwa mkono wake uliooshwa mara saba.

Mbele kidogo kuna nguzo ya jiwe inayochomoza ukingoni, nao huiita Mimbari ya Shetani. Wenyeji husimulia kuwa ibilisi alisimama hapo kuwahubiria watawa waliokuwa bondeni ili waache ibada zao. Sisi tunaotunza daftari la ukarabati wa mimbari ya msikiti hatukupendezwa na jina, lakini mandhari yake ni ya ajabu: magofu madogo kama kisanduku, mto umeyazunguka kama kamba iliyolegea.

Yule mzee alikuwapo, ameketi na mbwa wake. Alipotuona tunatandika miswala aliinuka, akamvuta mnyama hadi mbali, akaifupisha kamba, akakaa akitupa mgongo mpaka tulipotoa salamu. Hatukumwomba. Mwanetu aliswali akiwa ameelekea kusini-mashariki, naye amezoea kaskazini ya Tanga, na tuliona kuwa jicho lake moja lilikuwa kwa mbwa. Tulimwachia. Rakaa zilikuwa nne kamili, kwani tulikwisha kukaa Bristol zaidi ya siku nne na safari ya siku ile ilikuwa fupi.

Wakati wa kushuka tulikutana na mbwa wengine watano. Kwa wa kwanza alishika kanzu ya mjomba wake. Kwa wa tatu alikunja mikono akawa mti. Wa tano alimpita hatua tatu tu, amefungwa, naye akamwuliza mwenyewe jina la mbwa kwa Kiingereza chake cha shule.

Darajani tulikuta maji yanajaa, mto unarudi nyuma kuelekea juu, na tope lote limefunikwa. Mtoto aliegemea chuma akitazama, kisha akauliza iwapo mbwa wa vijana wa pangoni, aliyetajwa katika Suratul Kahf, naye alifungwa kamba. Shemeji alitugeukia sisi tuliosoma chuoni. Tulimwambia kuwa alikuwa amenyoosha miguu yake miwili ya mbele kizingitini, na kwamba habari ya kamba haikutajwa.