Mtani wa Ipuli

Treni ya reli ya kati ilinishusha Tabora asubuhi, nikapanda bodaboda hadi Ipuli, kwenye makazi ya wazee ya Serikali. Mzee niliyeelekezwa kwake alikuwa ameketi kivulini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

Mzaramo, nikamjibu. Alicheka mpaka akakohoa. "Basi lipa! Babu zenu walitutoza hongo kila tulipopita kwenu."

Utani wetu na Wanyamwezi, kabila lake, ni wa njia ndefu ya misafara. Misafara ya pembe za ndovu ikishuka Bagamoyo ilipita Uzaramo, na huko majumbe hawakumruhusu mtu apite bure. Mie mjukuu wao nikatoa kilo mbili za sukari. Akazipima mkononi, akasema riba bado.

Amevuka miaka themanini, na wanawe wote wametangulia mbele ya haki. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, inaipa familia jukumu la kwanza la kumtunza; makazi kama haya ni ya wasio na wa kuwatunza. Ndivyo alivyofika Ipuli, na akaja na hazina yake kichwani.

Babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi. Alipoona sielewi mzigo ulivyofungwa, aliomba shuka na vijiti vitatu. Shuka akaikunja ikawa ndefu kama mto wa kulalia, akaikaza kwa kamba juu ya vijiti, miguu ya vijiti akaiacha ichomoze upande mmoja. Kisha akautia begani. Kubeba kichwani, alisema, ni mambo yenu ya pwani. Akasogea mtini, akasimamisha vijiti ardhini na kuuegemeza mzigo kwenye shina, juu, usawa wa bega lake.

"Ukiulaza chini, nani atakutwika?"

Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, aliandika habari za ufungaji kama huo. Mzee huyu hajamsoma Burton. Alifundishwa na mikono ya babu yake, ambaye kazi yake ilikufa reli ilipofika Tabora mwaka 1912.

Nikauliza kama wapagazi walikuwa watumwa. Utani ukaisha hapo hapo. Watumwa walikuwapo, hafichi, na wapo Wanyamwezi waliowamiliki. Lakini babu yake alikwenda kwa hiari, kwa ujira wa vitambaa, akiondoka baada ya mavuno na kuiwahi mvua ya kulimia. Posho ikipunjwa, kambi nzima iligoma. Mizigo haikuinuliwa mpaka mkuu wa msafara anyooshe hesabu. Wanahistoria nao wameandika juu ya migomo hiyo, ila shuleni sisi wengi tulichorewa minyororo tu, na kwa maoni yangu tulipunjwa.

Watalii wanaofika Tabora hupelekwa Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Waende, ni mahali pa kuona. Lakini msomaji, ukiwa huko, tenga na asubuhi moja ya Ipuli. Omba ruhusa kwa Afisa Mfawidhi, beba sukari na sabuni, na simu uwe nayo ya kurekodia, kama mwenyewe ataridhia. Wenye kumbukumbu hizi wamebaki wachache.